Kutoka Ugeni hadi Ulowezi: Makazi Asilia na Historia ya Mimea Iliyohamishwa katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali moja la kihistoria: kwa nini baadhi ya mimea iliyohamishwa na binadamu hulowea ugenini, ilhali mingine, hata ikitunzwa kwa miaka mia moja, hubaki kuwa wageni wanaotegemea mkono wa mwenyeji? Kwa kutumia mifano ya mkarafuu na mpera wa pwani, bustani ya mimea ya Amani katika Usambara Mashariki, mti wa msizi uliotoka ukanda wa maziwa makuu, pamoja na nyasi za kikuyu zilizotoka nyanda za juu na kuenea ng'ambo, makala yanadai kwamba jibu huanzia katika makazi asilia ya mmea. Mimea iliyozoea kwao mahali pasipotulia, kama vile kingo za misitu, kingo za mito na malisho, ndiyo hulowea kwa urahisi. Hata hivyo, makazi asilia huupa mmea uwezo tu. Anayeufungulia mlango ni binadamu. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba tabia ya mmea kwao ichunguzwe kabla ya kupandwa kwingine, na kwamba istilahi ya ulowezi ipewe nafasi katika taaluma ya mimea kwa Kiswahili.

Maneno msingi: makazi asilia, ulowezi, mimea ya kigeni, Amani, msizi

1.0 Utangulizi

Historia ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya watu waliosafiri: mabaharia waliofuata pepo za kaskazi na kusi, wapagazi wa misafara ya bara, wamisionari, askari na maofisa wa serikali za kikoloni. Pamoja na watu hao ilisafiri mimea. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, ndizi na miwa vilitoka Asia, na leo ni vigumu kuwaza chakula cha mkulima wa eneo letu bila mazao hayo. Waandishi wa historia wameeleza vizuri nani alileta mmea gani, lini na kwa faida ya nani. Jambo lililoelezwa kwa uchache ni kile kilichofuata baada ya mpandaji kuondoka. Shamba linapoachwa, ni mmea upi unaokufa, upi unaobaki palepale ulipopandwa, na upi unaotoka nje ya ua na kuanza maisha yake wenyewe?

Swali hili lina uzito katika zama hizi. Serikali na mashirika ya nchi zetu yanapanda miti kwa mamilioni ili kurudisha misitu iliyopotea, na mara nyingi miti inayochaguliwa ni ile inayoota upesi. Uamuzi wa namna hiyo ulikwisha kufanywa na watangulizi wetu, na matokeo yake yanaonekana milimani, ziwani na katika nyika. Kwa hiyo makala haya yanaitazama historia ya mimea iliyohamishwa kama kumbukumbu ya majaribio yaliyokwisha kufanyika, ambayo majibu yake yanaweza kusomwa.

Hoja kuu ni kwamba kila mmea huondoka kwao ukiwa umebeba mazoea. Ukitaka kujua utakavyoishi ugenini, chunguza kwanza ulivyoishi nyumbani: ulikaa kivulini au juani, penye utulivu au penye misukosuko, ulitegemea nani kubeba mbegu zake. Ili kuijenga hoja hii, sehemu inayofuata inafafanua dhana, kisha tunaingia katika mifano kutoka pwani, Usambara na ng'ambo, na mwishoni tunatazama mipaka ya hoja yenyewe.

2.0 Mgeni, mlowezi na mvamizi

Katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu mazingira, mimea iliyotoka nje huitwa kwa pamoja mimea vamizi. Matumizi hayo yanachanganya mambo matatu yaliyo tofauti. Kuna mmea ambao huishi ugenini kwa sababu tu mtu anaupanda, anaupalilia na kuupanda tena. Huu ni mgeni. Kuna mmea ambao mbegu zake huota zenyewe, miche yake hukua na kuzaa, na kizazi hufuata kizazi bila msaada wa mtu. Kuna, tatu, mmea ambao baada ya kufikia hatua hiyo husambaa mbali na kuwadhuru wenyeji wake. Huu wa tatu ndio unaostahili kuitwa mvamizi.

Kwa hatua ya pili Kiswahili kinalo neno tayari. Kitenzi kulowea maana yake ni kuhamia mahali na kukaa hapo kwa kudumu, hadi mgeni akawa mkazi. Kwa hiyo makala haya yanautumia msamiati wa mmea mlowezi. Ni kweli kwamba neno mlowezi lina makovu ya kisiasa, hasa nchini Kenya, ambako liliwahusu Wazungu waliopewa ardhi katika nyanda za juu. Lakini makovu hayo yana somo lake. Walowezi wale hawakulowea kwa nguvu zao peke yao. Kulikuwa na sheria, reli na bunduki vilivyowaondoa watu na kuwapatia nafasi. Tutaona kwamba mmea nao hulowea pale nafasi inapokuwa imefunguliwa. Tofauti ni kwamba mmea hauna nia wala hatia. Ulibebwa.

Katika taaluma ya mimea, uhusiano kati ya makazi asilia na ulowezi umethibitishwa kwa upana. Utafiti wa Kalusová na wenzake (2017) kuhusu mimea ya Ulaya iliyolowea katika mabara mengine ulionyesha kwamba makazi hayatoi walowezi kwa usawa. Mimea ya vichaka vya kandokando ya mito, ya pembezoni mwa misitu na ya mahali panapovurugwa na binadamu ilifaulu zaidi kuliko ile ya makazi yenye dhiki kubwa, kama vile vilele vya milima na maeneo ya matopetope yasiyo na rutuba. Matokeo hayo yalihusu Ulaya. Swali letu ni kama historia ya eneo hili inasema jambo hilohilo.

3.0 Ushahidi wa pwani: mkarafuu na mpera

Tuanze na miti miwili inayojulikana kwa kila mtu wa pwani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia, ambako huota katika misitu yenye mvua nyingi na joto lisilobadilika sana. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Seyyid Said ukapandwa kwa wingi hata Unguja na Pemba zikawa wazalishaji wakuu wa karafuu duniani. Kwa idadi, hakuna mti wa kigeni uliopewa nafasi kubwa zaidi visiwani humo. Hata hivyo, mkarafuu haukuwahi kuhesabiwa kuwa gugu. Mbegu yake haivumilii kukauka na hupoteza uwezo wa kuota baada ya muda mfupi, na mche wake huhitaji kivuli na unyevu.

Ithibati ilitolewa na msiba. Mwezi Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Lau mti huo ungekuwa mlowezi, mapengo yale yangejazwa na miche iliyojiotea. Haikuwa hivyo. Mashamba yalihitaji kupandwa upya kwa mikono, wakati utumwa ulikuwa ungali halali visiwani, na Pemba, ambayo haikudhurika kwa kiasi hicho, ikashika nafasi ya mbele katika uzalishaji. Baada ya miongo kadhaa ya kukaa Unguja, mkarafuu ulikuwa bado mgeni.

Mpera ni kinyume chake. Jina lake la Kiswahili linatokana na neno la Kireno lenye maana ya pea, na hivyo linabeba kumbukumbu ya walioufahamisha mti huu pwani. Kwao, katika Amerika ya kitropiki, mpera ni mti wa maeneo ya wazi: mashamba yaliyoachwa, malisho na kando za njia. Tunda lake huliwa na ndege, popo, ng'ombe na watoto, na mbegu ngumu hupita tumboni bila kudhurika. Hakuna aliyehitaji kuanzisha kampeni ya kupanda mipera. Kila palipofyekwa na kuachwa, kuanzia pwani hadi bara, mpera ulijitokeza. Mti mmoja ulipandwa kwa amri ya dola na ukabaki mgeni. Mwingine uliingia kimyakimya na ukalowea. Tofauti haikuwa katika wingi wa juhudi za binadamu. Ilikuwa katika mazoea ambayo kila mti ulitoka nayo kwao.

4.0 Amani: bustani iliyogeuka kumbukumbu

Mfano wa pwani una upungufu mmoja: ni miti miwili tu. Kwa ushahidi mpana zaidi inatupasa kupanda milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Huko, mwaka 1902, serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mahali panapoitwa Amani. Miongoni mwa waliohusika na kuanzishwa kwake ni Franz Stuhlmann, na kwa miaka mingi mtaalamu wake mkuu wa mimea alikuwa Albrecht Zimmermann. Lengo lilikuwa la kiuchumi. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalikuwa yamefyeka misitu ya Usambara Mashariki ili kulima kahawa, na matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa, kwani udongo uliolisha msitu mkubwa ulionekana kuwa na rutuba kumbe ulikuwa umechujwa na mvua na kuwa wenye asidi. Koloni lilihitaji mahali pa kujaribu mimea kabla ya kuipanda kwa gharama.

Hivyo mbegu na miche ililetwa Amani kutoka Asia, Amerika, Australia na sehemu nyingine za Afrika: miti ya mpira, ya mbao, ya dawa, ya viungo, ya matunda na ya mapambo. Ilipandwa katika vipande vilivyopimwa, kuanzia bonde la mto Sigi hadi juu mlimani, na kumbukumbu zikawekwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walirithi kituo hicho, wakakiendeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha baada ya Vita Kuu ya Pili wakahamishia utafiti wa kilimo Muguga, nchini Kenya. Bustani ikabaki bila watunzaji wa kutosha. Msitu wa asili ulikuwa umeizunguka kila upande.

Kwa mkulima huo ulikuwa uzembe. Kwa mwanahistoria wa mimea ni hazina. Mamia ya spishi kutoka makazi mbalimbali ziliwekwa mahali pamoja, wakati mmoja, kisha zikaachwa. Takriban karne moja baadaye, Dawson na wenzake (2008), akiwamo mtafiti Mtanzania Ahmed Mndolwa, walizihesabu. Kati ya spishi 214 za kigeni zilizosalia kutoka upandaji ule wa mwanzo, 38 zilikuwa zimelowea, na 16 miongoni mwa hizo zilikuwa zimeenea kwa wingi. Kwa maneno mengine, wageni wengi wa Amani walibaki wageni. Wengine wamesimama hadi leo, wazee wenye mashina makubwa, bila watoto wa kuwarithi.

Ni akina nani waliolowea? Orodha ya wale wanaosambaa inafundisha. Yumo Clidemia hirta, kichaka cha Amerika ya kitropiki ambacho kwao huishi kando za njia, malishoni na penye mwanga msituni. Yumo Piper aduncum, ndugu wa pilipili manga, ambaye kwao ni wa kingo za mito na maeneo yaliyofyekwa. Yumo Castilla elastica, mti wa mpira wa Amerika ya Kati, unaokua upesi na matunda yake kupendwa na wanyama. Spishi hizi zilitoka katika koo za mimea zilizo mbalimbali, lakini kwao zote zinajua kuwahi mahali palipopata mwanga. Na mashuhuri kuliko zote ni mti ambao haukutoka hata nje ya Afrika.

5.0 Msizi: mti wa ukingo

Waganda huuita musizi, Wahaya muhumula. Hapa tutauita msizi. Adolf Engler aliupa jina la kitaalamu Maesopsis eminii mwaka 1895, kwa heshima ya Emin Pasha, ambaye Stuhlmann alikuwa ameandamana naye katika safari ya kwenda maziwa makuu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890. Makazi yake asilia yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita bonde la Kongo, na kuishia Uganda, Kakamega na Bukoba. Usambara haimo. Kati ya Bukoba na Usambara pana nyika pana ambayo mti huo haukuwahi kuivuka wenyewe.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Bukoba na Usambara zote zimo Tanzania. Kwa ramani ya kisiasa msizi ni mti wa nchi, mzalendo kamili. Kwa Usambara ni mgeni sawa na mti uliotoka Brazili. Mmea hautambui mipaka iliyochorwa na wakoloni wala pasipoti tuzitoazo sisi. Nchi ya mmea ni makazi yake.

Makazi hayo yakoje? Maelezo bora yalitolewa na W. J. Eggeling, ofisa wa misitu nchini Uganda, katika makala yake ya mwaka 1947 kuhusu msitu wa Budongo, karibu na Masindi. Eggeling aliuona msitu kama kitu kinachotembea. Pale msitu ulipokutana na nyasi, na moto ukakoma kwa muda, mti wa kwanza kuikalia mbuga kwa wingi ulikuwa msizi. Ulikua upesi, ukawa mrefu, ukatia kivuli na kuyaua majani. Chini yake ikaota miti ya aina nyingine nyingi. Lakini miche ya msizi wenyewe haikustawi katika kivuli cha mama zao, na baada ya muda mrefu misizi ilikufa na kuiacha nafasi kwa msitu mchanganyiko, hadi mwishowe msitu wa miti migumu ya Cynometra. Msizi, kwa hiyo, ni mtangulizi. Kazi yake ni kufungua njia, na makazi yake ni ule mstari wa mbele usiotulia. Wenzake katika kazi hiyo ni wanyama: hondohondo na sokwe hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali.

Mti wa namna hii ulipandwa Amani katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kijerumani. Kwa miongo kadhaa haukuleta gumzo. Baada ya Uhuru, wataalamu wa misitu waliupanda kwa wingi zaidi, hasa upande wa Kwamkoro, na sababu zao zilikuwa za busara kwa wakati ule: unakua haraka, shina lake limenyooka, na mbao zake zinafaa. Sifa hizo ndizo zilizoufanya Budongo kuwa mtangulizi. Mtaalamu aliona mti wa mbao. Hakuona kwamba kasi ile ni silaha ya mti unaoishi kwa kuwahi nafasi.

Na nafasi zilikuwa zikifunguliwa kila upande. Mashamba ya chai yaliukata msitu vipande, na kila kipande kikapata ukingo. Wakulima wadogo walipanda iliki chini ya miti mikubwa, wakipunguza vichaka na matawi ili mwanga uingie. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, uvunaji wa mbao kwa mitambo, ulioendeshwa kwa msaada wa Finland, ulifungua dari la msitu na kuchimbua ardhi kwa barabara za magogo. Msitu wa Usambara, ambao kwa karne nyingi ulijulikana kwa utulivu wake na kwa wingi wa spishi zisizopatikana kwingine, uligeuzwa kuwa na sura ya ukingo wa Budongo. Msizi ulikuta mazingira uliyoyazoea kwao.

Ulikuta pia mwenyeji wa kuubeba. Usambara ina hondohondo wake, Bycanistes brevis, ndugu wa karibu wa yule wa Uganda. Utafiti wa Cordeiro na wenzake (2004) ulionyesha kwamba ndege huyo ndiye msambazaji mkubwa wa mbegu za msizi katika misitu hiyo. Ule ubia wa Budongo ulifufuka mamia ya kilomita mashariki, kwa ndege aliyekuwa hajawahi kuuona mti huo. Mwaka 1989, katika kitabu kilichohaririwa na Hamilton na Bensted-Smith kuhusu hifadhi ya misitu ya Usambara Mashariki, msizi ulikuwa tayari umetajwa miongoni mwa mambo ya kutiliwa hofu. Mwaka 1997 Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ikiwa na mlowezi huyo ndani yake.

Wataalamu wamejadiliana iwapo msizi utautawala msitu moja kwa moja au ni hatua ya kupita. Historia ya Budongo inatoa mwanga hapa. Iwapo mazoea ya kwao ndiyo yanayouongoza, basi msizi hautaweza kurithiana penye kivuli kizito. Adui yake mkubwa ni msitu uliofunga dari. Kila mti mkubwa unaokatwa huurefushia maisha, na kila pengo linaloachwa lijizibe humpunguzia nguvu. Kwa hiyo kuujua ukoo wa mlowezi kunatueleza alivyoingia, na pia kunadokeza namna ya kuishi naye na kumpunguza.

6.0 Safari ya kinyume: nyasi za kikuyu na urujuani wa Usambara

Ili kuipima hoja, inafaa kuigeuza safari na kutazama mimea iliyotoka kwetu kwenda ng'ambo. Usambara yenyewe inatupatia mfano wa kwanza. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau aliloliona katika eneo la Tanga na Usambara. Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilieleza kitaalamu mwaka 1893 na kulipa jina Saintpaulia ionantha. Wajerumani hadi leo huliita urujuani wa Usambara. Ni shida kutaja mmea wa Afrika Mashariki uliosafiri zaidi ya huo: umeingia katika madirisha ya nyumba za mabara yote, katika vyungu visivyohesabika.

Hata hivyo, hakuna nchi inayoulalamikia kuwa gugu. Kwao, urujuani huu huishi juu ya miamba yenye ukungu, ndani ya kivuli cha msitu uliokomaa, mahali ambapo hakuna linalobadilika kwa miaka mingi. Nje ya dirisha la Ulaya au Amerika hauna wa kumwiga mwenyeji wake. Na jambo la kusikitisha ni kwamba nyumbani kwake, ambako dari la msitu linafunguliwa, spishi kadhaa za jamii yake zimo hatarini kutoweka. Ufunguzi uleule uliompa nafasi msizi unamnyang'anya urujuani makazi yake.

Tulinganishe na nyasi za kikuyu. Jina la kitaalamu walilopewa mwaka 1903, clandestinum, maana yake ni iliyofichika, kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya majani. Nyasi hizi ni za nyanda za juu kutoka Ethiopia hadi Rwanda na Burundi, na kwao hasa ni mahali ambapo msitu wa mlimani umefyekwa juu ya udongo wenye rutuba, pakaliwa na mifugo. Zimekatwa, zimekanyagwa na kuliwa kwa vizazi vingi, na jibu lao ni kutambaa na kuotesha mizizi katika kila kifundo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa Afrika Kusini, Australia na Marekani kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. Zilikuta ng'ombe, mashine za kukata majani na ardhi iliyofyekwa, yaani yaleyale ya kwao. Leo zimelowea California, Hawaii, Australia na New Zealand, na Marekani imeziingiza katika orodha ya kitaifa ya magugu hatari.

Urujuani ulipendwa, ukabembelezwa na kubaki mgeni. Nyasi zilikanyagwa, zikalowea.

7.0 Mipaka ya hoja

Haitakuwa sahihi kudai kwamba makazi asilia yanaeleza kila kitu. Mambo matatu yanapaswa kuongezwa.

La kwanza ni kiasi cha upandaji. Utafiti wa Amani umeonyesha kwamba spishi zilizopandwa katika vipande vingi zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kulowea. Mkarafuu, hata hivyo, unatukumbusha kwamba wingi peke yake hautoshi.

La pili ni maadui walioachwa nyumbani. Gugu maji lilitoka bonde la Amazon, katika maji yanayopanda na kushuka kwa misimu, na lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilikuta ziwa lililorutubishwa na taka za miji na udongo wa mashamba, na hilo lilifanana na mazoea yake. Lakini kwao kulikuwa na fukusi wanaolila, na huku hawakuwapo. Katika miaka ya 1990 wadudu hao, wa jenasi Neochetina, waliletwa na kuachiliwa ziwani katika nchi zote tatu, na walichangia kulipunguza. Hapa pia ufunguo ulipatikana kwao na mmea.

La tatu ni uamuzi wa watu na gharama ya uamuzi huo. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, ni mti wa maeneo makavu ya Amerika, unaoweza kuvumilia chumvi na kuifuata mizizi ya maji chini sana. Ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Ulichaguliwa kwa sababu kwao ulijulikana kwa kuyashinda mazingira magumu, na ndivyo ulivyofanya. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakaoza meno, na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi. Malisho ya kando ya ziwa yakafungwa na miiba. Katikati ya miaka ya 2000 wafugaji wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani wakidai fidia, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi aliyepoteza meno. Mradi ulipokuwa ukipangwa, swali lililoulizwa lilikuwa kama mti utaota. Swali la kama utakoma halikupewa uzito uleule.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kulowea kwa mmea ugenini si bahati nasibu. Mkarafuu, urujuani wa Usambara na wageni wengi wa Amani walitoka katika makazi yaliyotulia au yenye masharti mengi, na wamebaki kuishi kwa hisani ya wenyeji. Mpera, msizi, Clidemia na nyasi za kikuyu walitoka ukingoni, njiani na malishoni, na wamekuwa walowezi kila walipokuta ukingo, njia na malisho. Kwa kuwa binadamu huzidi kuifanya dunia yote kuwa ukingo, orodha ya walowezi itarefuka.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, kabla ya kuupanda mti kwa wingi mahali ambapo haukuwapo, wahusika wachunguze unavyoishi kwao, na wawaulize watu wanaoishi nao huko. Makala ya Eggeling ilikuwa imekwisha kuchapishwa wakati msizi ulipokuwa ukipandwa kwa wingi Usambara. Nchi jirani ilikuwa na jibu ambalo nchi nyingine iliendelea kulitafuta kwa gharama. Mashauriano ya namna hiyo katika Afrika Mashariki hayahitaji hata mkalimani, kwa kuwa lugha ya kuyaendesha tunayo. Pili, wanaistilahi watofautishe mgeni, mlowezi na mvamizi. Tukiiita mimea yote ya kigeni vamizi, tutauchukia mkarafuu bure na kuuona msizi kuwa sawa na mkarafuu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka mia moja na zaidi tumeipa mimea ya kigeni jembe siku ya kwanza, kabla ya kuuliza inatoka wapi na kwao ilikuwa ikifanya kazi gani.